Udongo wa Mumirwa, Maji ya Rumonge: Uchambuzi wa Mazingira ya Pwani ya Burundi kwenye Ziwa Tanganyika

Kati ya kilomita 1,838 za ukingo wa Ziwa Tanganyika, Burundi imepata 159 tu, nazo zimelala kwenye ukanda mwembamba wa tambarare uitwao Imbo, ambao upande wa magharibi unaishia majini na upande wa mashariki unagonga miteremko mikali ya Mumirwa, yaani ile safu ya vilima inayopanda ghafla hadi kwenye mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile. Rumonge, mji wa wavuvi, wakamuaji wa mawese na wachuuzi wa kuvuka maji, uko ndani ya ukanda huo, kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya kwenda Nyanza-Lac. Kuanzia 2015 mji huo ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina lake, hadi mgawanyo mpya ulioanza kutumika 2025 ulipopunguza mikoa ya nchi kuwa mitano na kuiweka Rumonge ndani ya mkoa wa Burunga. Kwa mambo yanayochambuliwa hapa, hata hivyo, mipaka ya utawala ina uzito mdogo kuliko mipaka ya maji, kwa sababu kinachofika kwenye mwalo wa Rumonge, kiwe samaki, tope, mkimbizi au kipindupindu, huwa kimeanza safari yake Baraka au Kalemie kule Kongo, Kigoma kule Tanzania, au juu kabisa kwenye vilima vya Bururi.

Swali la mazingira katika pwani hii huulizwa zaidi kwa sura moja, nayo ni kwa nini samaki wamepungua, na jibu lililozoeleka kwenye mikutano ya viongozi ni kwamba wavuvi wamezidi na nyavu zao ni haramu. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito zaidi. Ziwa hili linabadilishwa na joto la hewa ambalo mvuvi hana mkono ndani yake, na udongo unaoshuka kutoka mashamba ambayo hayalimi yeye, na maamuzi ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ambazo tatu kati yake hapigi kura. Yeye amesimama mwisho wa mnyororo mrefu, na kama inavyokuwa mara nyingi kwa aliyesimama mwisho, ndiye anayekamatika kwa urahisi.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kulieleza ziwa lenyewe, maana si ziwa la kawaida. Lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofikia mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na linakadiriwa kubeba karibu moja ya sita ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Ukubwa huo unadanganya. Maji yake yamegawanyika katika matabaka yasiyochanganyika kikamilifu: tabaka la juu lenye joto, mwanga na oksijeni, na chini yake shimo kubwa lisilo na oksijeni hata kidogo, ambalo huku kaskazini, upande wa Burundi, huanza kwenye kina cha mita 100 hivi. Maana yake ni kwamba samaki wote wanaishi kwenye ngozi nyembamba ya juu, na sehemu kubwa mno ya maji hayo ni ghala lililofungwa. Katika ghala hilo ndimo ilimorundikana rutuba, yaani chumvi za fosforasi, naitrojeni na silika zilizozama pamoja na mabaki ya viumbe kwa karne nyingi, na mlango wake hufunguliwa na upepo peke yake. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule Zambia, ncha ya kusini, maji ya chini hupanda kujaza nafasi iliyoachwa. Upepo unapotulia, ziwa lote huyumba ndani kwa ndani kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiliwa, na mawimbi hayo ya chini kwa chini, yasiyoonekana juu, huileta rutuba hadi pwani ya Burundi. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo mno inayoelea, mimea hiyo hulisha wadudu wa majini wasioonekana vizuri kwa macho, nao ndio chakula cha ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili.

Hapo ndipo joto linapoingia. Tofauti kati ya maji ya juu na maji ya kilindini ni nyuzijoto chache tu, lakini katika nchi za joto tofauti ndogo hutosha kuyafanya maji ya juu kuwa mepesi kiasi cha kukataa kuchanganyika na yale ya chini, na kila sehemu ya nyuzi inayoongezeka huufanya mlango wa ghala uwe mgumu zaidi kufunguka. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mimea hiyo midogo ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake, wakisoma matope yaliyochimbwa chini ya ziwa, walionyesha kwamba joto la uso wa ziwa katika karne ya ishirini lilikuwa limepita la wakati wowote katika miaka 1,500 iliyotangulia. Kisha 2016 Andrew Cohen, mtafiti aliyelifuatilia ziwa hili kwa miongo mingi, alitumia mifupa na magamba ya samaki yaliyozikwa kwenye matope hayohayo kuonyesha kwamba kupungua kwa samaki kulianza karne ya kumi na tisa, kabla hata ya uvuvi wa kibiashara, na kwamba tangu 1946 zaidi ya theluthi ya sakafu ya ziwa iliyokuwa na oksijeni imeipoteza.

Matokeo haya yamepokewa kwa namna mbili, na zote mbili zina kasoro. Wako wanaoyatumia kumsafisha mvuvi kabisa, kana kwamba wavu hauna hesabu, na wako wanaoyapuuza kwa kuwa joto la dunia haliwezi kupigwa faini. Lililo sahihi ni kuyaweka mawili pamoja: bahari ya chakula imesinyaa, na papo hapo wanaoila wameongezeka. Mavuno ambayo ziwa lingeyastahimili katika miaka ya 1950 si yale linaloweza kuyastahimili leo, hata kama idadi ya nyavu isingebadilika.

Nayo imebadilika sana. Uvuvi wa zamani wa ndagala ulitumia lusenga, wavu wa mkono wenye mpini, pamoja na moto wa kuni uliowashwa kwenye mtumbwi. Katika miaka ya 1950 Wagiriki waliokuwa wakifanya biashara Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, walileta meli ndogo zenye nyavu kubwa za kuzungushia, na katika muongo huohuo ikaingia katamarani, ambayo mpaka sasa ndiyo chombo kikuu cha pwani hii: vyombo viwili vilivyofungwa sambamba kwa boriti, wavu wenye umbo la bakuli ukateremshwa katikati yake gizani, na taa zikaning'inizwa juu ya maji. Ndagala hufuata mwanga na kukusanyika juu ya wavu. Kisha watu husimama pande zote na kuvuta kamba kwa pamoja, polepole mwanzoni ili samaki wasishtuke, haraka mwishoni ili wasitoroke. Toleo lake kubwa zaidi wavuvi waliliita Apollo, jina la vyombo vya Wamarekani vya kwenda mwezini, na si bila mzaha, kwa sababu mwezi ndio adui wa uvuvi huu. Usiku wa mbalamwezi taa haishindani na anga, vyombo hubaki pwani, na kalenda ya mji mzima, pamoja na madeni ya dukani, hufuata giza.

Meli za Wagiriki na warithi wao zilikufa kaskazini mwa ziwa kufikia miaka ya 1990, baada ya samaki wakubwa waitwao sangala kuisha kwanza na mavuno mengine kufuata. Zilizobaki ni katamarani na mitumbwi, lakini kwa wingi usiokuwa na kifani: hesabu za ziwa zima zilionyesha wavuvi wapatao 45,000 mwaka 1995 na takriban 95,000 mwaka 2011. Ndagala huvumilia shinikizo kuliko samaki wengine, kwa sababu hukomaa kabla ya kumaliza mwaka na huzaa kwa wingi, kiasi kwamba mwaka mmoja mbaya unaweza kufuatwa na mwaka wa neema. Mukeke, anayejulikana ng'ambo ya Kigoma kama mgebuka, huishi kwa kumla ndagala huyohuyo, hivyo huvuliwa mara mbili, mara moja kwa mwili wake na mara ya pili kwa chakula chake. Uharibifu ulio wazi zaidi uko karibu na nchi kavu. Kokoro, yaani juya linaloburutwa hadi ufukweni, na vyandarua vya mbu vilivyoshonwa kuwa nyavu, huzoa vifaranga mahali wanapokulia, hasa pale ambapo matete yamekatwa kwa ajili ya kuezekea, kusuka au kupanua shamba. Kwa hilo hakuna utetezi wa kisayansi unaoweza kutolewa, na wavuvi wa taa wenyewe ndio wa kwanza kulilalamikia.

Jibu la nchi nne limekuwa kulifunga ziwa. Kwa makubaliano ya kikanda yaliyofikiwa 2021, uvuvi unapaswa kusimama kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Tanzania ilitekeleza ufungaji huo kwa mara ya kwanza 2024. Kwamba nchi nne zifunge kwa pamoja ni jambo la busara, maana utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2019 haukuona mgawanyiko wa maana wa ukoo wa ndagala kutoka ncha moja ya ziwa hadi nyingine: anayeokolewa Rumonge anaweza kuvuliwa Fizi, upande wa Kongo, wiki chache baadaye, na nchi inayofunga peke yake inamlimia jirani. Ugumu uko kwingine. Miezi mitatu ni robo ya mwaka, na mpangilio wa kazi ziwani ni wa mgawo, yaani mwenye chombo huchukua fungu lake na mabaharia hugawana linalobaki. Hakuna mshahara, hakuna akiba ya pensheni, na anayesimama ufukweni siku tisini anasimama na deni. Nyuma yake kuna mnyororo wa wanawake wanaonunua, kuanika na kuuza, ambao hakuna sheria inayowataja. Mfugaji huambiwa auze mbuzi mmoja wakati wa ukame. Mwanaume wa katamarani na mwanamke wa chanja hawana mbuzi wa aina hiyo. Ufungaji usioambatana na chakula wala mkopo nafuu huzaa uvuvi wa kuiba, ambao hufanyika usiku zaidi, karibu na nchi kavu zaidi na kwa nyavu ndogo zaidi, yaani kwa mbinu zilezile ambazo ufungaji ulikusudia kuzikomesha.

Chanja zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu zinaonyesha kwamba si kila hatua ya kuhifadhi ni ya kukataza. Kwa miaka mingi ndagala walianikwa mchangani. Mvua ikinyesha walioza, kuku na mbwa walijichukulia, na waliobaki walifika sokoni na mchanga tumboni, wakauzwa kwa bei ya kutupa. Kuanzia 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kueneza katika pwani ya Burundi chanja za wavu wa waya zilizoinuliwa kwa miti kufika kiunoni, ambazo hupitisha hewa juu na chini, hukausha kwa muda mfupi zaidi na humruhusu mwanamke kugeuza samaki akiwa amesimama, na kuwafunika haraka mawingu yanapokusanyika. Hakuna samaki wa ziada aliyevuliwa, ila waliofika sokoni waliongezeka. Ni ajabu kwamba hatua rahisi kama hii, inayopunguza hasara badala ya kupunguza chakula, hutajwa kidogo kuliko doria.

Sasa ni lazima kuyapa maji mgongo na kuitazama milima. Burundi ilihesabu watu milioni 8.05 katika sensa ya 2008 na milioni 12.3 katika ile ya 2024, kwenye nchi isiyofika kilomita za mraba 28,000, na wengi wao wanaishi kwa jembe. Vilima vya Mumirwa vina mwinamo ambao hapo zamani ulishikwa na misitu. Leo unalimwa muhogo na maharage hadi karibu na kilele, na mvua zinazoanza Septemba au Oktoba huukuta udongo ukiwa mtupu baada ya kiangazi. Mito ya huko ni mifupi na ya haraka. Dama na Murembwe, inayoingia ziwani katika eneo la Rumonge, haina nafasi ya kutua tope lake kwenye mabonde mapana kama ufanyavyo Malagarasi kule Tanzania. Hushuka kutoka kwenye vilima, hukatiza Imbo kwa kilomita chache na kumwaga kila kitu. Baada ya mvua kubwa mdomo wa mto huonekana kama ulimi wa rangi ya kahawia uliotolewa ndani ya maji ya samawati, wenye kingo zinazoonekana wazi, na ndani yake huelea vigogo vya migomba, chupa za plastiki na mizizi ya matete.

Tope hilo hufanya kazi ya uharibifu ambayo haionekani mwaloni. Ziwa Tanganyika lina mamia ya viumbe wasiopatikana kwingine popote, na wengi wao, wakiwemo samaki wa jamii ya sikilidi wa spishi zipatazo 250, wanaishi kwenye miamba ya ukingoni, wakikwangua mwani unaoota juu ya mawe yaliyo safi na kutaga mayai katika nyufa. Mashapo, yaani chembe za udongo zinazotua, huyafunika mawe, hufifisha mwanga na kuziba nyufa. Utafiti uliochapishwa 1993, ambao ulilinganisha sehemu za ukingo zilizo chini ya vilima vilivyokwisha misitu na zile zilizo chini ya vilima vyenye misitu, ulikuta idadi ya spishi za samaki na viumbe wengine wadogo ikiwa chini zaidi pale palipo na tope jingi, na sehemu zilizoathirika kuliko zote zilikuwa kaskazini, upande wa Burundi. Hakuna wavu uliohusika hapo. Samaki hao walitolewa ziwani na jembe.

Lakini kulihukumu jembe bila kuuliza lilifikaje mlimani ni kurudia kosa lilelile lililofanywa kwa mvuvi. Ardhi ya Rumonge ina historia nzito. Machafuko na mauaji ya 1972 yalianzia katika ukanda huu mwishoni mwa Aprili, watu wengi wakavuka kwenda Tanzania, mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yakagawiwa wengine au kuingizwa kwenye miradi ya serikali, na wenyewe walipoanza kurudi kwa wingi katika miaka ya 2000 walikuta wakazi wengine waliozaa na kuzika hapo. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ilishughulikia kesi hizo kwa miaka, mara nyingine kwa kugawa shamba moja katikati ya madai mawili. Athari yake kwa mazingira haijazungumzwa vya kutosha: asiyejua kama shamba litakuwa lake baada ya miaka mitano hachimbi mitaro ya kukinga mmomonyoko, hapandi mti wa miaka ishirini, na hupanda muhogo, ambao huvunwa mapema kuliko mti na kuacha udongo wazi. Mpango wa taifa wa upandaji miti ulioanzishwa 2018 kwa jina la Ewe Burundi Urambaye, yaani Burundi iliyovikwa nguo, umetoa miche mingi kwa kazi za pamoja za wananchi, na hilo ni jema. Nguo hiyo hata hivyo haikai mwilini mwa mtu asiye na uhakika wa mahali pa kulala.

Mchikichi wenyewe ni mti wa pande mbili. Ulienezwa kwa mpango tangu miaka ya 1970 na 1980, ukisimamiwa baadaye na ofisi ya taifa ya mafuta ya mawese, na umeipa Rumonge kipato ambacho ziwa halikuweza kukitoa peke yake, tena umeshika udongo wa tambarare vizuri kuliko mahindi. Tatizo liko kwenye ukamuaji. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, huchemshwa katika mapipa kwa saa nyingi kabla ya kukamuliwa, na ingawa makapi na maganda ya kokwa huchomwa pia, kuni bado zinahitajika, sawa na zinavyohitajika kwa tofali na kwa majiko ya nyumbani. Maji mazito ya rangi ya kahawia yanayobaki, yenye mabaki ya mafuta yanayoifyonza oksijeni ya mito midogo, humwagwa kwenye mtaro ulio karibu. Inayolipa gharama ni misitu michache iliyosalia, yaani Kigwena, kisiwa cha miti mirefu ya tambarare kilichozungukwa na michikichi pembeni ya barabara ya Nyanza-Lac, na hifadhi za Rumonge na Vyanda, zenye miombo na ambamo bado kumetajwa sokwe. Kinachoweza kusaidia ni vinu vya pamoja vyenye majiko yanayobana moto na mashimo ya kutulizia maji machafu; kumkataza mkamuaji mmoja mmoja ni kumhamisha tu kutoka kijito kimoja hadi kingine.

Uchafu wa mji hauhitaji maelezo marefu. Amri ya 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini chupa zinaendelea kushuka na mito. Maji ya ziwa hunywewa, huogewa na kuoshewa vyombo mahali palepale panapopokea mitaro ya choo, na kipindupindu hurudi katika ukanda huu mara kwa mara, hasa watu wanapojazana ghafla, kama ilivyokuwa 2018 maelfu ya Wakongo walipovuka kutoka Fizi kwa mitumbwi wakikimbia vita. Suala la mafuta ya petroli ni la kuangaliwa zaidi kuliko linavyoangaliwa: kampuni ya Amoco ilichimba visima vya majaribio kwenye uwanda wa Rusizi katika miaka ya 1980 bila kupata cha kuuzwa, na hamu ya kutafuta tena haijafa kwenye ukingo wowote. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga ulioko Kalemie, na maji yake mengi huondoka kwa kupanda hewani. Kwa hiyo kinachomwagika ndani hakisafishwi kwa umri wa mtu, wala wa wajukuu zake.

Chombo cha kusimamia haya yote kipo. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, ilizinduliwa 2008. Kazi yake ya kukutanisha wataalamu na kuandaa mipango ni ya kusifiwa, lakini haina askari, haina kodi yake yenyewe, na hutegemea michango ya nchi wanachama na wafadhili ambao miradi yao huisha. Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba imejengwa kuzunguka maji, ilhali udongo wa Mumirwa uko chini ya wizara nyingine, ardhi chini ya vyombo vingine, na barabara ya kutoka Bujumbura, ambayo mara kwa mara hufunikwa na maporomoko sehemu za Gitaza, chini ya wengine tena.

Limebaki suala ambalo katika miaka ya karibuni limeyafunika mengine, nalo ni kupanda kwa ziwa. Tangu mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 maji yamepanda hadi kufikia, katika 2021 na tena katika 2024, viwango vilivyokaribia au kufikia vile vya 1964, takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari. Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya watu wapatao 96,000 waliokwisha kuhama makwao kwa sababu ya mafuriko nchini. Gatumba, kwenye mdomo wa Rusizi, ndipo palipoonekana zaidi kwenye picha, lakini nyumba, mialo na chanja za pwani ya kusini nazo ziliingia majini. Hapo ndipo ulipokumbukwa mstari wa mita 150. Sheria ya maji ya 26 Machi 2012 inataka ukanda wa upana huo ubaki bila majengo kando ya Ziwa Tanganyika, na mara kwa mara alama nyekundu zimepigwa kwenye kuta na watu kuamriwa wabomoe.

Lengo la ukanda huo ni sahihi: matete yarudi, vifaranga wapate kivuli, tope litulie kabla ya kufika majini. Lakini kipimo chake hakilingani na nchi yenyewe. Pale vilima vinapoingia moja kwa moja ziwani, kama ilivyo sehemu za Magara na Minago, mita 150 zinampandisha mtu mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Pale Imbo inapolala bapa, kupanda kwa ziwa kwa mita moja tu kunaweza kuumeza ukanda mzima. Kwenye nchi ya namna hiyo mstari unaostahili ni wa mwinuko, uliowekwa kwa kumbukumbu ya maji, na si wa hatua za miguu. Nayo kumbukumbu hiyo ipo. Mnamo 1874 mpelelezi Cameron aliukuta mto Lukuga ukiwa umezibwa na matete na mchanga, na miaka miwili baadaye mpelelezi mwingine, Stanley, aliyaona maji yake yakiwa karibu yamesimama, huku ziwa likizidi kujaa. Mnamo 1878 hivi kizuizi kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Uso wa maji wa kabla ya kizuizi kuvunjika ulikuwa juu ya ule wa 2024 kwa zaidi ya mita 5. Ardhi iliyo kati ya alama hizo mbili ndiyo Imbo ya ufukweni, na ndiyo ambayo leo inapandwa michikichi, inajengwa nyumba na kupewa wanaorudi.